Kipimo Kisicho Jeraha

Maarifa mengi ya mwili wa binadamu yalinunuliwa kwa maumivu, na aghalabu aliyelipa bei hakuwa yule aliyepata maarifa. Mganga alitaka kujua. Mgonjwa akakatwa, akadungwa, akafinywa. Hatuwezi kuwalaumu wote waliofanya hivyo, maana wengi wao waliutafuta uzima kwa njia pekee waliyoijua. Lakini katika kila zama wamekuwako watu waliojiuliza kama haiwezekani kuujua mwili pasipo kuutesa. Tamaa hiyo ni njema. Ni tamaa ya mtu atakaye kujua hali ya walio ndani ya nyumba bila ya kuuvunja mlango wao.

Siku hizi tamaa hiyo imepata chombo, na chombo chenyewe ni nuru. Miongoni mwa mambo yapimwayo kwa nuru liko moja dogo kwa kulisikia lakini kubwa kwa kulifikiri, nalo ni maji yaliyomo katika ngozi ya mwanadamu, na namna yanavyobadilika kwa kadiri miaka yake inavyozidi. Mwali huelekezwa mkononi, hurudi na habari, na mwenye mkono hahisi kitu. Damu haitoki wala kovu halibaki. Kwa hiyo wako watu wasemao kwamba kipimo cha namna hii hakina lawama, maana hakina jeraha. Neno hilo ndilo nitakalo kulichungua hapa. Je, kisichojeruhi hakiwezi kudhulumu?

Kwanza na tuyatazame maji yenyewe. Mtoto mchanga ni maji kwa sehemu yapata 75 katika 100 za uzito wake. Mwanamume aliyekomaa ni maji kwa sehemu yapata 60. Na katika uzee sehemu hiyo hushuka ikakaribia 50. Sababu yake ni kuwa misuli, iliyo ghala kubwa la maji, hupungua, na mafuta, yasiyochukua maji mengi, hushika mahali pake. Ngozi nayo ina hesabu yake peke yake. Tabaka lake la juu kabisa ni utando wa chembe zilizokufa, mwembamba kuliko karatasi, isipokuwa viganjani na nyayoni. Utando huo una maji machache, lakini machache hayo ndiyo yanayoufanya ujikunje bila ya kupasuka. Mnamo mwaka 1952 mtaalamu wa Marekani, Irvin Blank, alionyesha jambo lililowashangaza wengi. Vipande vya ngozi ngumu iliyokauka vilipotiwa katika mafuta vilibaki vigumu; viliporudishiwa maji vililainika. Ikawa wazi kwamba ulaini wa ngozi watoka katika maji, na kazi ya mafuta ni kuyazuia maji yasitoroke.

Mtu azeekapo, vitu vinavyoyashika maji katika utando huo hupungua, mafuta ya asili yaliyo kati ya chembe hupungua pia, na ngozi ikichubuka huchelewa kujitengeneza. Ndipo ngozi hukauka, huwasha usiku, hupasuka miguuni. Na kwa mzee aliyelala kitandani siku nyingi huweza kufunguka vidonda vilivyo vigumu kupona. Asiyepata kuishi ndani ya ngozi kama hiyo hudhani kuwa hayo ni mambo ya kioo na urembo tu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na ukavu usioupata hujui uchungu wake.

Kabla ya nuru, kipimo cha maji mwilini kilikuwa vidole viwili. Hata sasa mganga huifinya ngozi ya tumbo la mtoto mwenye kuhara, akaiachia, akatazama inavyorudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto wadogo husema kwamba ngozi ikikawia kurudi kwa zaidi ya sekunde 2, hiyo ni dalili mojawapo ya upungufu mkubwa wa maji. Kipimo hiki hakina gharama, hakihitaji umeme, na wauguzi katika zahanati za Afrika Mashariki hukijua vema. Lakini kipimo kilicho shahidi mwaminifu kwa mtoto huwa shahidi wa uongo kwa babu yake. Nyuzi zinazoivuta ngozi irudi mahali pake hulegea katika uzee. Mfinye mzee aliyekunywa maji ya kutosha, na ngozi yake itakawia kama ya mtu aliyekaukiwa. Vidole vimesema kiu pasipo na kiu, na mzee hana namna ya kuwakanusha mashahidi waliotoka katika mwili wake mwenyewe.

Hapo ndipo nuru ilipoitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1800, William Herschel, mnajimu aliyeishi Uingereza, aliitawanya nuru ya jua katika rangi zake, akaweka vipimajoto katika kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona chochote, kilipanda kuliko vingine. Akatambua kuwa iko miale isiyoonekana, ambayo leo twaiita miale ya infraredi. Kila kitu kina miale kinayoimeza na miale kinayoiacha ipite. Maji huimeza miale ya infraredi yenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 1,450, na huimeza zaidi ile ya karibu nanomita 1,940. Basi mpimaji hutuma miale ya namna hiyo katika ngozi, akaihesabu iliyorudi. Iliyopungua imemezwa, na mmezaji mkubwa ni maji.

Iko na njia ya pili. Tarehe 28 Februari 1928, mjini Kolkata, Mhindi C. V. Raman aliona kuwa nuru ipitapo katika kitu, sehemu ndogo sana yake hutoka ikiwa imebadilika rangi, na badiliko hilo ni kama sahihi ya chembe iliyoigusa. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930. Mnamo mwaka 2001 wataalamu wa Rotterdam, katika Uholanzi, walieleza namna ya kuisoma sahihi hiyo katika ngozi ya mtu aliye hai, kwa kuishusha nuru ya leza kwa hadubini hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa ni sehemu chache tu katika elfu za milimita. Waliona maji yanavyozidi kutoka utando mkavu wa juu mpaka chembe hai zilizo chini yake. Mtu aliyepimwa aliinuka akaenda zake kama alivyokuja.

Nuru hiyo imeleta habari ambazo vidole visingezileta. Mwaka 1998 wataalamu wa Denmark walichapisha uchunguzi wa vipande vidogo vya ngozi ya vijana na ya wazee; vingine vilitoka mahali pa mwili panapochomwa na jua, na vingine mahali panapofunikwa na nguo. Katika ngozi ya wazee iliyopigwa na jua kwa miaka mingi waliona jambo la ajabu. Maji yalikuwamo, lakini hayakushikamana na protini za ngozi kama yalivyoshikamana katika ujana. Chembe za maji zilikuwa zimekusanyika zenyewe kwa zenyewe. Katika ngozi ya wazee hao hao iliyokaa katika kivuli cha nguo, badiliko hilo halikuonekana. Basi sehemu ya madhara tuliyozoea kuyahesabu kuwa ni ya miaka ilikuwa ni ya jua. Uzee ulikuwa umeshitakiwa kwa kosa la mwingine, na nuru ikausafisha kwa sehemu.

Lakini katika habari hiyo iko neno dogo lisilofaa kupitwa. Ili nuru ijifunze kusoma ngozi, vipande vya ngozi vilikatwa kwanza. Nuru haikuzaliwa na elimu. Kisu ndicho kilichoifundisha kusoma. Kila kipimo kisicho jeraha kina nyuma yake watu waliokubali kujeruhiwa ili wengine wasijeruhiwe. Hili si neno la kukitia kipimo doa. Ni neno la kukumbusha kuwa anayekitumia ana deni, na mwenye deni hatembei kama mwenye mali yake.

Sasa na tuulize faida ya maarifa haya ni nini, kwa kuwa maarifa yasiyomfaa mtu yeyote hayastahili hata maumivu madogo. Mwaka 1984 ilichapishwa habari ya wanaume 7 wazee wenye afya, wa miaka 67 mpaka 75, walionyimwa maji kwa saa 24 pamoja na vijana 7. Baada ya muda huo miili ya wazee ilikuwa na haja ya maji kwa hakika, lakini wao walihisi kiu kidogo kuliko vijana, na walipopewa ruhusa walikunywa kidogo kuliko haja yao. Hii ni habari nzito. Kiu ni mlinzi aliyewekwa na maumbile katika mlango wa uhai. Katika uzee mlinzi huyo husinzia. Mnamo Agosti 2003 joto kali liliishukia Ufaransa, na vifo vikazidi kawaida kwa watu wapata 15,000, wengi wao wakiwa wazee. Joto liliua kwa njia nyingi, na kukaukiwa maji ilikuwa mojawapo. Wengine walikufa katika vyumba vyao peke yao, na mfereji wa maji ukiwa karibu.

Kwa hiyo haja ya kupima maji ya wazee si mchezo wa maabara. Ni jambo la uhai na mauti. Na kwa sababu ni jambo la uhai na mauti, yatupasa kusema kwa unyofu kipimo kinasema nini na hakisemi nini. Maji ya utando wa ngozi si maji ya mwili mzima. Ngozi ya mguu wa mzee yaweza kukauka na kupasuka ilhali damu yake ina maji ya kutosha. Na ngozi iliyopakwa mafuta yaweza kung'aa ilhali mwenyewe anakaukiwa ndani. Kipimo cha ganda si kipimo cha tunda. Mpimaji aupimaye utando kwa mwali, kisha akatoa hukumu juu ya mwili mzima, amesema uongo ingawa tarakimu zake ni za kweli. Na uongo wenye tarakimu huaminiwa kuliko uongo mtupu.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo ukosefu wa maumivu hauwezi kumwondolea mpimaji. Sindano haikuhitaji kueleza sana maana yake. Damu iliyotolewa ilipimwa, na jibu lilihusu damu. Nuru hupita katika matabaka mengi, huguswa na vitu vingi, na hurudi na habari zilizochanganyika. Yeye anayezitenga ni mtu. Yamkini mzee aliyepimwa hataweza kuyajua hayo. Ataona tarakimu tu. Basi uaminifu wote umebaki mikononi mwa mmoja kati ya watu wawili, na hali kama hiyo daima ni mtihani wa tabia.

Jambo la pili ni ridhaa. Msomaji mwenye haraka atasema: “Maadamu hauumi, mwali wahitaji ruhusa ya nini?” Swali hili lina mvuto, na lazima lijibiwe kwa haki. Ni kweli kwamba sehemu ya sababu iliyotufanya tuwaombe ruhusa wagonjwa ilikuwa maumivu. Maumivu yalikuwa bawabu. Mwenye sindano alilazimika kusimama mbele ya mgonjwa, kumtazama usoni, kumwambia nia yake na kungoja jibu; kama hakungoja, mkono wa mgonjwa ulijivuta wenyewe. Nuru haina bawabu. Yaweza kumsoma mtu bila ya yeye kujua kwamba amesomwa. Lakini ruhusa haikuwekwa kwa ajili ya maumivu peke yake. Barua yako ikifunguliwa kwa ustadi, ikasomwa, ikafungwa tena bila ya kuchanika, je, hukudhulumiwa? Karatasi haikuumia, wewe umeumia. Mwili wa mtu ni waraka wake wa siri kuliko waraka wowote, na umri ulioandikwa katika ngozi yake ni habari yake kabla ya kuwa habari ya mwingine.

Wahenga wetu walisema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Yuko atakayelichukua neno hilo kuwa hoja dhidi yangu: kama mgonjwa haulizwi uji, kwa nini aulizwe kipimo? Najibu kuwa methali hiyo yasifu kutoa, haisifu kuchukua. Uji huenda kwa mgonjwa. Kipimo hutoka kwake. Anayeleta uji bila ya kuuliza amemwondolea mnyonge aibu ya kuomba. Anayechukua habari za mwili bila ya kuuliza amemwongezea mnyonge aibu ya kutohesabiwa. Katika desturi ya pwani na bara, kijana hamshiki mzee mkono kabla ya kumwamkia. Sioni kwa nini mwenye ala ya nuru asamehewe adabu hiyo. Aseme, “Shikamoo, babu, naomba mkono wako niupime, na sababu yake ni hii.” Maneno hayo hayagharimu hata nusu dakika. Na mzee akikataa, ala na irudi mfukoni.

Jambo la tatu ni zito kuliko yote, nalo ni uadilifu wa kipimo chenyewe kwa watu wa rangi mbalimbali. Nuru haiingii katika ngozi kama mgeni anavyoingia katika nyumba iliyo wazi; hukutana kwanza na melanini, ambayo ndiyo iletayo weusi wa ngozi. Melanini huimeza sana nuru ionekanayo, na huimeza kidogo kwa kadiri mawimbi yanavyorefuka kuelekea infraredi. Basi ala iliyofundishwa kwa ngozi nyeupe yaweza kuisoma vibaya ngozi nyeusi, wala isijue kwamba imesoma vibaya. Ala haina haya; husema kosa lake kwa sauti ile ile isemayo kweli.

Hii si hofu ya kubuni. Mjapani Takuo Aoyagi alieleza mwaka 1974 njia ya kupima oksijeni ya damu kwa kupitisha nuru katika mwili, na kutokana na kazi yake kikapatikana kile kibano kidogo kivishwacho kidoleni katika hospitali za dunia nzima. Ni miongoni mwa vipimo vyema visivyojeruhi, na watu wasiohesabika wameokolewa nacho. Lakini mnamo Desemba 2020 wataalamu wa Michigan, katika Marekani, walichapisha hesabu iliyotia simanzi. Walizichukua nyakati ambazo kibano kilisema kuwa oksijeni ilikuwa kati ya 92 na 96 katika 100, wakalinganisha na damu iliyotolewa mshipani. Kwa wagonjwa weupe, mara karibu 4 katika 100 damu ilionyesha kuwa oksijeni imeshuka chini ya 88. Kwa wagonjwa weusi, mara karibu 12. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa ugonjwa wa korona, ambapo tarakimu ya kidoleni ilitumika kuamua nani atibiwe na nani arudi nyumbani.

Mtu na ajiulize hapa. Katika hesabu ile, kipi kilijeruhi, na kipi kilisema kweli? Sindano ilijeruhi ikasema kweli. Nuru haikujeruhi, ikawaambia baadhi ya watu kuwa wamo salama ilhali hawakuwa salama. Sitaki msomaji afahamu kuwa naisifu sindano kuliko nuru. Nataka aone tu kwamba upole wa chombo na haki ya chombo ni mambo mawili, na la kwanza halina dhamana ya la pili.

Tena kosa hilo halikutoka katika nuru. Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa uliwataka watengenezaji wa vibano hivyo wavijaribu kwa watu wasiopungua 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2, au 15 katika 100, kwa kufuata idadi iliyo kubwa. Ulikuwa mlango mwembamba kwa umati mkubwa. Mnamo Januari 2025 idara hiyo ilitoa rasimu ya mwongozo mpya uliotaka watu wengi zaidi na rangi nyingi zaidi. Twapata mfano wa pili katika daraja za ngozi zilizotungwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, ambazo zilitumika sana katika elimu ya ngozi. Daraja za kwanza zilikuwa 4, na zote ziliwahusu watu weupe, kwa kadiri walivyoungua au kubadilika rangi juani. Daraja ya 5 na ya 6, kwa watu wa rangi ya kahawia na weusi, ziliongezwa baadaye. Sidhani kuwa mwenye kuzitunga alikuwa na nia mbaya. Lakini mtu anayeongezwa baadaye katika kipimo amekuwa mgeni katika hesabu ya wanadamu, na mgeni husomwa kwa kamusi ya mwenyeji.

Basi nani awe mfano wa mtu, ambaye wengine wote watapimwa kwa kulinganishwa naye? Katika elimu ya ngozi na uzee swali hili lina makali mawili. Mzee mweusi aweza kupungukiwa haki mara mbili: mara ya kwanza ala inapomlinganisha na mweupe, na mara ya pili inapomlinganisha na kijana. Kuhusu la kwanza, maumbile yenyewe yametuonyesha njia. Katika mawimbi marefu ambayo maji huyameza, melanini ina nguvu kidogo. Kwa hiyo chombo cha kupima maji ya ngozi kwa haki kwa watu wa rangi zote kinawezekana. Kitakachokosekana, kikikosekana, si fizikia. Ni subira ya kukijaribu chombo kwa watu wote kabla ya kukiuza kwa watu wote.

Kuhusu la pili, yaani kumlinganisha mzee na kijana, hakuna mawimbi yatakayotusaidia. Hilo ni jambo la nia. Upimaji wa maji ya ngozi umepata marafiki wawili, muuguzi na mfanya biashara. Muuguzi ataka kujua ili ngozi isipasuke. Mfanya biashara ataka kujua ili aweze kusema: ngozi yako ilikuwa hivi, nunua malhamu yangu, itakuwa vile. Biashara si haramu, na malhamu njema yenye kuzuia maji yasitoroke humfaa mzee kweli. Lakini tarakimu inayomwambia mtu wa miaka 70 kwamba ngozi yake si kama ya mtu wa miaka 25 haikumwambia jipya. Imemtoza fedha na huzuni kwa habari aliyokuwa nayo. Kipimo chafaa kumwambia mzee kama ngozi yake yaweza kufanya kazi yake: kumlinda, kumsitiri, kutomwasha usiku. Hakifai kumwambia kuwa kuzeeka ni kosa. Uzee si ugonjwa wa ujana.

Liko na jambo la nne, ambalo ni dogo lakini sipendi kuliacha. Vidole vilivyofinya ngozi vilikuwa vidole vya mtu. Havikuwa kipimo kizuri kwa mzee, lakini vilimgusa. Katika miji mikubwa wako wazee ambao hupita siku nyingi pasipo kuguswa na yeyote ila na mwuguzi. Nuru ikiuondoa ufinyaji, tusiiruhusu iuondoe na mkono. Ala imekuja kuchukua kazi ya vidole ya kupima. Haikuja kuchukua kazi yao ya kufariji, wala haiwezi.

Yamkini atatokea wa kunihukumu kuwa nakizuia kitu chema kwa masharti. Sivyo. Kama ningeulizwa kuchagua kati ya dunia yenye kipimo hiki na dunia isiyokuwa nacho, ningechagua yenye nacho bila ya kusita. Kupunguza maumivu ya mwanadamu ni ibada ya namna yake, na wale waliotumia miaka yao kuifundisha nuru kusoma ngozi wastahili shukrani. Nasema tu kwamba maumivu yalipoondoka hayakuondoka na wajibu. Yaliuacha pale pale, na sasa umesimama peke yake, hauna tena kilio cha mgonjwa cha kuukumbusha. Zamani mwenye kupima alizuiwa na vitu viwili, uchungu wa mwenzake na dhamiri yake mwenyewe. Leo kimoja kimekwenda. Hapana budi kilichobaki kibebe mzigo wa viwili.

Mzigo wenyewe waweza kuelezwa kwa maneno machache. Mpimaji aombe kabla ya kupima. Aseme wazi amepima maji ya wapi, ya utando au ya mwili. Ala yake iwe imejaribiwa kwa ngozi kama ya huyo anayepimwa, na kama haikujaribiwa, amwambie. Atafute katika kipimo haja ya mzee, asitafute aibu yake. Haya si mageni. Ni yale yale ambayo mwenye mizani sokoni hudaiwa na kila mnunuzi. Ajabu ni kuwa twamdai mwuza mchele, na twasahau kumdai mwenye kupima mwili.

Na katika nyumba ambako ala hizi hazijafika, wala huenda zisifike upesi, mambo mengine hayahitaji kungojewa. Twajua kwa hakika kwamba kiu ya mzee husinzia. Twajua kuwa jua huiharibu ngozi pale ambapo miaka peke yake isingeiharibu. Twajua kuwa utando uliolowa kidogo kisha ukapakwa mafuta huyashika maji kuliko utando mkavu uliopakwa mafuta matupu. Maarifa hayo yamekwisha lipiwa na wengine, kwa damu na kwa nuru. Siku ya joto, mzee aketipo kimya pembeni na kusema kwamba hana kiu, mwenye kujua hayo na aende mtungini, ateke, amletee kikombe kwa mikono miwili, na akae naye mpaka anywe.